Onyesho la magari ya umeme lianze na soketi, jukwaa lije baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee hili wazo la kuandaa maonyesho ya jamii ya magari ya umeme pamoja na rali, manake sa hivi wenye magari haya wakikutana popote hiyo ndo stori, na mimi ni mmoja wao, natumia gari la umeme kila siku na nimeshaenda kwenye maonyesho ya aina hii nikiwa na gari langu na nikiwa mtazamaji tu. Wazo nalipenda sana. Ila naona maandalizi mara nyingi yanaanzia mwisho, yani kikao cha kwanza watu wanajadili jukwaa, mgeni rasmi, tisheti na bango, halafu zimebaki siku chache ndo mtu anauliza hivi haya magari yote yakishafika yatachaji wapi, na hapo watu wanaanza kukimbizana kutafuta ekstensheni.

Kwa hiyo ombi langu kwa yeyote anayetaka kuandaa ni moja: kabla hujachapisha hata kipeperushi, tafuta fundi umeme mwenye leseni mwende naye kwenye eneo mlilochagua, mfungue boksi kuu la umeme muangalie linabeba kiasi gani. Hesabu yenyewe si ngumu. Gari linalochaji kwa kilowati 7 linavuta kama ampea 32 kwenye fezi moja ya volti 230. Ukiwa na magari 20 yanataka kuchaji hivyo kwa wakati mmoja hizo ni kilowati 140, na hata ukiyagawa vizuri kwenye fezi tatu kila fezi inabeba zaidi ya ampea 200. Ukumbi wenye laini ya fezi tatu za ampea 100 uwezo wake wote ni karibu kilowati 69, hapo taa, spika na mafriji ya wauza vinywaji hujavihesabu bado. Ni wazi kwamba magari 20 hayawezi kuchaji kwa mpigo, inabidi ipangwe zamu, na zamu inaandikwa kabla, nani anachaji saa ngapi na kwa muda gani, halafu anakuwepo mtu mmoja ambaye kazi yake siku nzima ni hiyo tu. Na msitegemee kwamba ipo chaja ya haraka jirani ya kilowati 50 kwa hiyo mambo yatajipa. Magari 20 kila moja likitaka kilowati-saa 20 (yani uniti 20 za umeme) jumla ni 400, gawa kwa 50 unapata saa 8, na hapo umechukulia kwamba chaja inatoa nguvu yake yote mwanzo hadi mwisho, kitu ambacho hakitokei kwa sababu betri ikishapita asilimia 80 gari lenyewe linapunguza kasi ya kupokea.

Naliongelea hili kwa urefu kwa sababu nimeona likiharibika. Onyesho moja nililohudhuria, mtu alichomeka gari kwenye ekstensheni ya kuviringisha, ile inayokaa kwenye ngoma, waya mwingi bado umezungushwa humo humo, akaisukumia chini ya meza ili watu wasijikwae. Baadaye tukaanza kusikia harufu ya plastiki. Mtu alipoitoa ile ngoma, ganda la waya lilikuwa limelainika, ukiligusa linashika vidole, na mizunguko ya ndani imeanza kugandana. Hakuna aliyeumia lakini watoto walikuwa wanapita pale pale. Waya uliozungushwa joto lake halina pa kutokea, na ndo maana ngoma nyingi zimeandikwa wati mbili tofauti kwenye lebo, moja ukiwa umeukunjua wote na nyingine ndogo zaidi ukiwa umekunjwa. Gari linavuta umeme mwingi kwa saa nyingi mfululizo, si kama pasi ya nguo inayowaka na kujizima. Kama lazima ekstensheni itumike basi iwe nene, ikunjuliwe yote, maungio yainuliwe juu ya ardhi, na kuwe na kifaa cha kukata umeme ukivuja.

Halafu plagi. Zipo CCS za aina mbili, ipo CHAdeMO, ipo GB/T ya magari ya China, ipo ile ya Tesla, na pikipiki nyingi zina za kwao kabisa. Fomu ya kujiandikisha iulize mtu ana plagi gani na anakuja na kebo yake au haji nayo. Hili linaepusha aibu kubwa.

Na tafadhali sana, msije mkachaji magari ya maonyesho kwa jenereta la dizeli lililofichwa nyuma ya ukumbi. Watu watalisikia, watalipiga picha, na kila kitu mlichoeleza siku nzima kuhusu hewa safi hakitasikika tena. Kama umeme wa pale hautoshi punguzeni magari, au muwaombe wenye magari waje wameshachaji walikotoka, wengi wanaweza bila shida. Upande mwingine zipo gari sasa hivi zinazotoa umeme nje, unachomeka kwenye gari unapata volti 230 na kilowati kama 3 hivi, zinatosha kuendesha spika, maikrofoni na kompyuta ya kusajili watu. Chukueni gari moja la hivyo mliweke jirani na jukwaa waya ukionekana wazi, watu watalifuata wenyewe kuuliza.

Sasa tuje kwenye onyesho lenyewe. Mhariri, maonyesho ninayoyapenda ni yale ambayo mwenye gari amesimama pembeni ya gari lake mwenyewe. Muuzaji ana kazi yake na simlaumu, lakini mtu anayefikiria kununua anataka kuongea na mtu ambaye ameshalipa, ameshachaji usiku, ameshakwama mahali na akajua afanye nini. Muuzaji atakutajia kilomita zilizoandikwa kwenye karatasi ya kiwanda, mwenye gari atakwambia nikiwa na familia na mizigo na kiyoyozi kimewaka napata kiasi hiki. Hiyo tofauti ndo kitu watu wanachokuja kutafuta. Magari ya dukani yakizungushiwa kamba na vibao vya usiguse, watu wanapiga picha wanaondoka na maswali yale yale waliyokuja nayo.

Napendekeza kila gari liwekwe kadi kubwa kwenye kioo cha mbele, iandikwe kwa mkono na mwenyewe, siyo na kampuni. Aandike mwaka wa gari, betri ni kilowati-saa ngapi, limetembea kilomita ngapi hadi leo, kilomita anazopata kweli kwa chaji moja, anachajia wapi na kwa soketi gani, kitu anachokipenda na kitu kinachomkera. Hiyo ya kinachomkera msiiondoe hata wafadhili wakilalamika. Mtu akisoma kwamba gari hili halina kipoza betri hivyo ukichaji haraka mara mbili kwenye safari moja ndefu siku ya joto linapunguza kasi ya kuchaji, anamwamini mwenye gari kwenye mengine yote.

Magari ya zamani nayo yapewe nafasi nzuri, yasipelekwe nyuma. Nissan Leaf za mwanzo zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010 zilikuwa na betri ya kilowati-saa 24 inayopozwa na hewa tu, na pembeni ya kipimo cha chaji kuna vijistari 12 vinavyoonyesha uzima wa betri, kadri inavyochoka vinapotea kimoja kimoja. Mtu mwenye Leaf iliyobakiwa na vijistari vichache ana mafunzo mengi kuliko gari jipya linalong'aa, kwa sababu swali kubwa la watu wote ni hilo, betri ikichoka inakuwaje. Wekeni hapo meza na mtu mwenye kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya dashibodi kinachosoma hali ya betri kwenye simu, awaonyeshe wanaotaka kununua mtumba jinsi ya kukagua kabla ya kutoa hela, wasije wakauziwa mbuzi kwenye gunia. Na waliobadilisha gari la petroli wakalifanya la umeme wenyewe karakana waalikwe pia, ila kazi zao zikaguliwe na fundi kabla hazijaingia uwanjani.

Nimeshuhudia mama mmoja mtu mzima akikaa kwenye usukani wa gari la kijana mmoja aliyekuja kulionyesha. Kijana akamwambia, "Kanyaga breki mama, halafu bonyeza hapo." Akabonyeza, dashibodi ikawaka, mama akakaa anasubiri.

"Sasa mbona haliungurumi, mwanangu?"

"Limeshawaka hilo mama. Ukitia gia ukiachia breki linaondoka."

Akacheka, akatoa mguu taratibu, wakazunguka uwanja mara moja na kijana pembeni yake. Aliposhuka hakuuliza habari ya kasi wala skrini kubwa, aliuliza mvua ikinyesha mtu yuko anachaji itakuwaje. Kijana akachukua kichwa cha kebo ya chaja akamuonyesha zile pini, akamwambia hapa sa hivi hamna umeme, kebo ikishaingia gari na chaja vinaongea kwanza, vikikubaliana ndo umeme unaruhusiwa kupita, na ukitaka kuchomoa unakatwa kwanza. Watu kama wanane walikuwa wameshajisogeza kusikiliza. Hotuba ya jukwaani isingeweza kuwafundisha vile.

Kwa hiyo kuendesha kuwepo, lakini kwa utaratibu. Njia fupi iliyofungwa, leseni ya udereva ikaguliwe, bima ithibitishwe kwa maandishi kwamba inamhusu anayejaribu, mwenye gari akae kiti cha pembeni. Asiye na leseni apandishwe abiria, na hiyo nayo inatosha kumpa picha.

Kuna hatari moja wengi hawaifikirii. Gari la umeme likisimama huwezi kujua kwa masikio kama limewashwa au limezimwa. Na mengi hayana ufunguo wa kuzungusha, kadi au simu ya mwenyewe ikiwa jirani gari linakubali. Mtoto akiingia akakanyaga breki akavuta kigia, gari linatembea, tena lina nguvu tangu mzunguko wa kwanza wa tairi. Sheria iwe kwamba gari lililoegeshwa kwa maonyesho funguo zake zinakaa mezani mbali na gari, matairi yanawekewa kabari, na mlango haufunguliwi mwenyewe hayupo. Na likitaka kutembea katikati ya watu litanguliwe na mtu anayetembea kwa miguu. Ulaya tangu Julai 2021 kila gari jipya la umeme lazima litoe mlio wa kutahadharisha likiwa kwenye mwendo mdogo hadi kilomita 20 kwa saa, lakini magari mengi ya zamani hayana, na pikipiki na baiskeli ndo kabisa.

Zimamoto msiwaalike siku ya tukio ili tu gari lao jekundu lipendezeshe uwanja. Waiteni wiki kadhaa kabla, muwape magari wayaangalie, waone nyaya nene za rangi ya chungwa ambazo zinabeba volti 400 hadi 800, waone sehemu ya kukatia umeme ambayo kila gari ina mahali pake. Betri ya lithiamu ikishika moto inahitaji maji mengi mno na kwa muda mrefu, moshi wake una sumu, na inaweza kuzimika halafu ikawaka tena baada ya saa nyingi au hata siku. Moto wa hivi hautokei mara kwa mara, na sitaki kumtisha mtu, lakini zimamoto aliyeliona gari hilo likiwa zima atafanya kazi vizuri siku litakapogongwa barabarani, na hiyo faida itabaki kwa jamii nzima hata onyesho likisahaulika. Wapangieni pia njia ya kuingilia isiyozibwa na mahema.

Rali sasa. Hapa ndo watu wanapotofautiana sana, kwa sababu ukisema rali vijana wanawaza vumbi na kasi. Mimi nasema rali ya jamii kwenye barabara za kawaida isiwe ya kasi hata kidogo, na wala siyo wazo langu jipya. Mhariri, nyinyi watu wa magazeti mna historia kwenye hili: shindano la Paris hadi Rouen la mwaka 1894, linalohesabiwa kuwa la kwanza la magari, liliandaliwa na gazeti, Le Petit Journal, na aliyelisimamia alikuwa mwandishi wa habari Pierre Giffard. Walioomba kushiriki walikuwa 102, walioondoka siku yenyewe 21, waliofika 17. Sharti la zawadi ya kwanza lilikuwa gari liwe salama, liwe rahisi kuendesha na lisiwe la gharama kubwa njiani. Aliyefika wa kwanza alikuwa Mfaransa mmoja, de Dion, na gari lake la mvuke, lakini zawadi ya kwanza hakupata kwa sababu gari lake lilihitaji mtu wa pili wa kuchochea moto, wakagawana watengenezaji wawili wa magari ya petroli, Peugeot na Panhard et Levassor. Mwaka uliofuata gazeti la Chicago Times-Herald nalo likaandaa la kwake, barabara zina theluji na matope, magari sita yakaondoka, mawili kati yake ya umeme, yakafika mawili tu na hayakuwa ya umeme. Hata hivyo moja ya yale ya umeme, Electrobat ya Morris na Salom, ilipewa medali ya dhahabu na waamuzi kwa ubora wake ingawa haikumaliza. Wale wazee walijua wanataka kupima nini.

Na anayetaka kuona kama umeme una kasi, hilo lilishajibiwa zamani, tarehe 29 Aprili 1899 Camille Jenatzy na gari lake la umeme La Jamais Contente alipita kilomita 100 kwa saa, alifika 105.88, wa kwanza duniani kwa gari la barabarani. Kwa hiyo kasi tuiache, tupime kitu ambacho mtu wa kawaida anakihitaji, yani dereva huyu ametoka hapa kafika pale kwa muda uliopangwa akatumia umeme kiasi gani.

Mashindano ya ecoRally yaliyo chini ya FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, yanachanganya hayo mawili, kushika muda na kutumia umeme kidogo, na sisi wa kawaida tunaweza kufanya toleo jepesi la hilo. Asubuhi kila gari linachajiwa mpaka lijae, upepo wa matairi unapimwa, mdomo wa chaji unabandikwa lakiri na mwamuzi anaweka sahihi. Linatembea njia iliyopangwa, labda kilomita 80 hadi 120. Likirudi lakiri inakaguliwa, linachajiwa tena mpaka lijae kupitia mita, na kilowati-saa zilizoingia ndo lilichotumia, pamoja na kile kinachopotea kwenye kuchaji, kwa hiyo wote wachajiwe kwa aina moja ya chaja. Kama muda wa kujaza wote haupo basi mwamuzi apige picha kipimo cha safari kwenye dashibodi kabla na baada, si sahihi kama mita ila inaeleweka. Pikipiki ambazo betri inatoka unazichaji mezani kwa mita ndogo ya kuchomeka ukutani.

Ukishapata hizo namba usilinganishe gari kubwa na dogo moja kwa moja, utawaonea wenye magari ya familia. Linganisha kila gari na kiwango chake cha kiwandani. Mfano gari ambalo kiwanda kinasema linakula kilowati-saa 16 kwa kilomita 100 likatumia 14, gawa 14 kwa 16 linapata 0.875, na mwenye namba ndogo ndo mshindi. Jingine dogo la kiwango cha 12 likatumia 11.5, linapata 0.958. La kwanza limeshinda ingawa limekula umeme mwingi zaidi, manake dereva wake ndo ameendesha vizuri. Pikipiki, bajaji na baiskeli za umeme ziwe na makundi yao, pikipiki inakula kilowati-saa chache tu kwa kilomita 100 na haina haja ya kushindana na magari.

Kushika muda ni lazima kuwepo. Ukipima umeme peke yake watu watatembea kilomita 30 kwa saa kwenye barabara kuu, foleni nyuma yao, madirisha yamefungwa na kiyoyozi kimezimwa wanatoka jasho, na malori yanawapita kwa hasira. Hiyo ni hatari na haimfundishi mtu kitu. Weka muda wa kila kipande unaolingana na mwendo wa kawaida wa barabara ile, atakayechelewa anakatwa pointi, na atakayewahi anakatwa zile zile. Hapo ndo utamu unapokuja, kwa sababu dereva anabaki na akili yake: aachie mguu mapema kabla ya kona ili mota irudishe umeme kwenye betri, asikimbie halafu akafunga breki. Upinzani wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo, ukitoka 80 kwenda 110 unakaribia mara mbili, na mlima nao una bei yake, gari la tani moja na nusu likipanda mita 300 linatumia zaidi ya kilowati-saa 1.2 kwa ule upandaji tu, kisha likishuka linarudishiwa sehemu siyo yote. Navigeta aliyekaa na karatasi ya njia na kikokotoo ana kazi ya kweli hapo, na anaweza kuwa mtoto wa sekondari anayependa hesabu.

Njia ikaguliwe na gari la umeme lenye betri ndogo kuliko yote yaliyojiandikisha, siyo na gari la mwenyekiti lenye betri kubwa. Kama dogo linafika likiwa na asilimia 20, njia inafaa. Kama halifiki wekeni kituo cha chaji katikati, watu wapumzike hapo, na muda wa kuchaji uhesabiwe kwenye ratiba. Hata Formula E, yale mashindano ya kimataifa ya mbio za magari ya umeme, iliyoanza Beijing Septemba 2014 miaka yake ya mwanzo dereva alikuwa anabadilisha gari katikati ya mbio kwa sababu betri haikutosha, na hakuna aliyeona aibu, walipanga kulingana na betri waliyonayo. Gari la kuokoa liwe la kubeba mgongoni, magari mengi ya umeme hayatakiwi kuvutwa tairi za mota zikiwa zinazunguka chini.

Kanuni ziandikwe zote kabla na wote wazisaini. Mwaka 1968 wanafunzi wa vyuo viwili vya Marekani, Caltech ya pwani ya magharibi na MIT ya mashariki, walishindana kuvuka nchi kwa magari ya umeme, kila timu ikianzia kwake kwenda kwa mwenzake, kama kilomita 5,300, na vituo 54 vya kuchaji vikapangwa njiani. Wa MIT ndo walitangulia kufika, lakini gari lao lilivutwa sehemu za njia na kanuni zilikuwa na adhabu kwa hilo, baada ya kuhesabu ushindi ukaenda kwa Caltech kwa nusu saa hivi tu kwenye safari ya zaidi ya siku nane. Fikiria kanuni zile zingekuwa za mdomo. Hapo ndo urafiki unavunjika, na nimeona vikundi vikivunjika kwa mambo madogo kuliko hayo, mtu analalamika mwenzake alichaji dakika tano kituoni bila mwamuzi, hakuna karatasi, hakuna lakiri, kila mmoja ana shahidi wake.

Vibali vya polisi, huduma ya kwanza, vyoo, maji na kivuli ni kama tukio lolote la watu wengi, wenye uzoefu wapo, waulizwe. Wanaojitolea kwenye vituo vya njiani tu ndo naomba wasisahaulike, wanakaa juani saa nyingi wanaandika muda wa watu wengine, wapelekewe chakula kwa wakati na majina yao yasomwe jukwaani kabla ya wafadhili.

La mwisho ni kwako Mhariri. Tukio likifanyika kokote gazeti lako litakapofika, tuma mwandishi, ila asirudi na picha ya mgeni rasmi akikata utepe peke yake. Aombe jedwali lote la matokeo mlichape, gari gani, la mwaka gani, lilitembea kilomita ngapi, lilikula kilowati-saa ngapi, lilichelewa au kuwahi kwa dakika ngapi, na wale walioishia njiani waandikwe pamoja na sababu. Msomaji anayehesabu kama gari la umeme linamfaa ataikata hiyo karatasi aiweke, na kikundi kingine kitakachotaka kuandaa rali kitajua kianze na njia ya urefu gani.

Ni mimi msomaji wenu,
Mmiliki wa gari la umeme